Gari inagonga mbele: jinsi ya kukitafuta kinachogonga na kukirekebisha mwenyewe nyumbani

Gari ikianza kugonga mbele, ile ko-ko-ko ukipita kwenye barabara mbovu, kitu cha kwanza watu wanachotaja ni shokapu. Na ukienda na neno hilo mdomoni kwa fundi mwenye haraka atakuitikia tu, shokapu mbili zitafungwa, hela itatoka na gari itaendelea kugonga vilevile. Shokapu zinakufa kweli, ila shokapu iliyokufa mara nyingi haigongi, inafanya gari idundedunde. Kinachogonga ni chuma kilichopata nafasi ya kucheza sehemu ambayo haikutakiwa kuwa na nafasi, na hiyo nafasi inaweza kuwa ndogo mno, milimita moja tu, na ukiitafuta kwa namna isiyo sahihi huipati hata ulale chini ya gari siku nzima. Ndo maana sehemu kubwa ya haya maelezo ni kutafuta. Kufunga spea ni kazi ya mwisho na ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani.

Kanuni yangu ni moja: usinunue kitu mpaka umekishika kwa mkono na umekisikia kikicheza.

Vya kuwa navyo

Jeki nzuri na stendi mbili, spana ya tairi, spana ringi na soketi (namba 14, 17 na 19 zinatumika sana, lakini angalia gari yako), funguo za aleni za milimita 5 na 6, mtaimbo mdogo au bisibisi kubwa ndefu, nyundo, brashi ya waya, oili ya kulegeza kutu, tochi. Spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) ukiweza kuazima azima. Na mtu mmoja wa kukusaidia, hata asiyejua chochote kuhusu magari, maana kazi yake ni kusukuma gari na kuzungusha steringi tu.

Anza na vitu vya aibu

Kabla hujafungua kitu, kaza nati za tairi zote. Nati zilizolegea zinagonga hasa ukiwa unaondoka na ukikata kona, na hiyo ni hatari kuliko kitu kingine chochote nitakachokitaja huku chini, tairi inachomoka. Alafu fungua boneti ushike betri uitikise, kama kibano chake kimelegea inaruka kwenye kila shimo na utaapa ni boljointi, kile kifundo kinachoishika tairi kwenye mkono wa chini. Toa jeki na spana kwenye buti, toa chupa chini ya viti. Chungulia chini uone kama lile plastiki la kukinga injini limekosa bolti likabaki linapigapiga. Piga eksozi kwa ngumi ikiwa imepoa, bati lake la joto likilia kama kopo lenye kokoto basi umeshapata mshukiwa mmoja bila kupiga jeki.

Sasa endesha usikilize

Zima redio, shusha vioo vyote, tafuta njia mbovu isiyo na magari na uende taratibu, kilomita 10 hadi 20 kwa saa. Ukipata ukuta mrefu pita karibu nao upande unaohisi unagonga, sauti inarudi na unaisikia vizuri. Mwache msaidizi aendeshe na wewe ukae upande mwingine, kisha mbadilishane, maana sauti ya mbele inasafiri kwenye bodi na dereva mara nyingi anakosea upande.

Swali la maana hapa ni inagonga WAKATI GANI. Ukijibu hilo vizuri umemaliza nusu ya kazi.

Jaribio la kwanza na ninaloliamini kuliko yote: tafuta sehemu yenye vishimo vya upande mmoja mmoja, tairi ya kushoto inashuka huku ya kulia iko juu, upite hapo. Alafu tafuta tuta lililonyooka, lipande tairi zote mbili kwa pamoja, taratibu. Kama vishimo vya upande mmoja vinagonga sana lakini tuta liko kimya, mshukiwa wako ni stabilaiza, ile nondo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia, yaani linki zake (vijiti vya kwenye ncha zake) au bushi zake (mipira inayoishika kwenye fremu). Sababu ni kwamba ile nondo ya stabilaiza inafanya kazi pale tairi moja inapopanda peke yake, hapo inajipinda na kuvuta linki juu chini. Tairi zote zikipanda pamoja nondo inazunguka tu ndani ya bushi zake, haivuti chochote kwa nguvu. Kwenye gari ndogo nyingi za siku hizi hizi linki ndo zinazoongoza kwa kugonga, tena zinaanza mapema, mpira wa vumbi ukichanika maji na mchanga vinaingia na basi.

Jaribio la pili: ukiwa kwenye ile njia mbovu inayogonga, gusa breki kidogo tu, usisimame, endelea kutembea huku umeikanyaga kwa mbali. Kelele ikikatika hapohapo na kurudi ukiachia, ni pedi za breki au kalipa (chuma kinachozibana pedi kwenye diski) inayocheza, maana ukikanyaga breki unazibana. Hii ni dakika moja na imewaokoa watu wengi kununua boljointi ambazo hawakuzihitaji.

Ukipiga breki inagonga mara moja, KO, alafu ukirudi rivasi na kupiga breki inagonga tena mara moja, angalia bushi za wishiboni (ule mkono wa chini unaoshika tairi), hasa ile kubwa ya nyuma. Tairi inavutwa nyuma, mkono wote unasogea, chuma kinafika kwenye chuma. Ikigonga ukiwa unaondoka au unapobadilisha gia kutoka D kwenda R gari ikiwa imesimama, hiyo ni maunti (mpira wa kubebea) ya injini au ya gia, achana na miguu ya mbele. Ikilia ka-ka-ka-ka kwa kufuatana ukikata kona kali huku unakanyaga mafuta, hiyo ni sivi jointi, kiungo cha ekseli inayozungusha tairi. Na kama inagonga ukizungusha steringi gari ikiwa imesimama, ama kuna kitu kinaruka kwa sauti ya springi, ding, basi ni maunti ya juu ya shokapu na beringi yake, au springi imekatika.

Mkono unajua kuliko sikio

Paki sehemu tambarare, tairi zote chini, zima gari, hendibreki juu. Mwambie msaidizi aisukume gari juu ya tairi la mbele, chini juu chini juu, kwa nguvu na haraka. Wewe chuchumaa pembeni (usiingie chini) na uguse kimoja kimoja: linki, shokapu, mkono wa chini, maunti ya juu ukiwa umefungua boneti. Chuma kinachogonga utakisikia kwenye vidole kama mtu anabisha hodi kutoka upande wa pili, wakati sikio linakwambia kelele iko kila mahali. Usipitishe vidole katikati ya springi wala sehemu yoyote inayofunga na kufunguka, gusa kwa nje.

Ukikosa, chukua simu, anza kurekodi video, iegemeze chini karibu na tairi kwa ndani, msaidizi aendelee kusukuma. Ukisikiliza baadae na spika za masikioni utashangaa, na ukirudia upande wa pili unapata cha kulinganisha.

Linki zicheki gari ikiwa chini, tairi zote zimekanyaga. Zungusha steringi mpaka mwisho ili tairi ifunguke upate nafasi ya kuingiza mkono, toa ufunguo wa gari, shika linki katikati na uitikise kwa haraka mbele nyuma na juu chini. Linki nzima haisemi kitu. Iliyokufa inajibu tk-tk palepale, na ukiweka kidole kwenye jointi yake unahisi kabisa kile kipira cha ndani kinavyogonga kikombe. Watu wengi wanainua upande mmoja kwa jeki alafu wanaitikisa linki na kusema ni nzima, kumbe ukiinua tairi moja ile nondo inajipinda na kuikaza linki, plei yote, yaani ile nafasi ya kucheza, inapotea. Ama zote mbili ziwe chini ama zote mbili ziwe zinaning'inia.

Kupandisha gari

Hapa sina utani. Sehemu ngumu na tambarare, gia ya P au gia ya kwanza, weka mawe au mbao nyuma ya tairi za nyuma, legeza nati za tairi kidogo kabla ya kuinua. Jeki iinue, stendi ndo zishike. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hata kwa sekunde, na usitumie tofali au bloku za saruji, zinapasuka ghafla bila kutoa ishara. Ukishaiweka kwenye stendi isukume kwa bega, kama itacheza ni bora icheze ukiwa umesimama nje. Tairi ulizotoa zilaze chini ya kizingiti cha gari, lolote likitokea gari itaangukia juu yake.

Kuchunguza ikiwa juu

Usitoe tairi kwanza. Shika tairi mkono mmoja juu kabisa na mwingine chini kabisa, sukuma na vuta kwa kupishana. Ikicheza, mwambie msaidizi akanyage breki na urudie. Plei ikipotea ni beringi ya tairi, maana breki imeifunga diski na habu (kitovu tairi inapofungwa) kuwa kitu kimoja na chuma kinachoibeba. Ikibaki ni boljointi au kitu kingine huko nyuma. Sasa shika kushoto na kulia, fanya hivyohivyo. Ikicheza hapa tu na juu chini hakuna kitu, ni tairodi endi au rak endi, yaani kiungo cha nje au cha ndani cha rodi ya steringi. Kuzitofautisha weka kidole juu ya jointi ya tairodi endi huku mwenzio anatikisa tairi, ukiona haichezi basi shika ule mpira wa mikunjo wa steringi raki ukaubane mpaka uhisi rodi ya ndani, plei ya rak endi utaisikia humo.

Boljointi inahitaji akili kidogo kwa sababu inategemea uzito umekaa wapi. Kwenye gari ambayo springi imekaa juu ya shokapu na chini kuna mkono mmoja tu (gari ndogo nyingi ziko hivi), boljointi ya chini haibebi uzito wa gari, kwahiyo pandisha gari kwa kuishika bodi, tairi ininginie, alafu ingiza mtaimbo kati ya mkono na chuma kinachobeba habu na ubinue kidogo kidogo huku unaangalia mwanya. Kwenye gari yenye mikono miwili, juu na chini, na springi imekaa kwenye mkono wa chini, kama pikapu nyingi, ukiiacha ininginie springi inaendelea kuikaza boljointi na utaambiwa ni nzima. Hiyo weka jeki chini ya mkono wenyewe, karibu na boljointi, inua mpaka tairi iachie ardhi, alafu weka mtaimbo chini ya tairi uinue. Tairi ikipanda kwanza yenyewe kabla ya mkono kusogea, boljointi imekwisha.

Na ukigundua boljointi inacheza waziwazi, gari hiyo isitoke hapo. Boljointi ikichomoka tairi inalala na steringi inabaki ya mapambo.

Bushi za wishiboni ziangalie kwa tochi na mtaimbo. Nyufa ndogo juu juu za uzee zisikutishe, unachotafuta ni mpira ulioachana na chuma, au uliochanika kiasi kwamba ukibinua na mtaimbo mkono unasogea na kugonga. Kuna bushi zilizotengenezwa na mianya mikubwa kwa makusudi, hivyo linganisha kushoto na kulia kabla hujahukumu. Kama bushi ina majimaji yenye mafuta yanayovuja, hiyo ni ya aina ya maji ndani na imeshapasuka.

Springi ipapase mpaka mwisho wake wa chini, ndani ya kikombe chake. Hukatika sana mzunguko wa mwisho huko chini, na kwa vile kipande kinabaki kimekaa palepale watu hawakioni. Kwa maunti ya juu, shusha gari, weka kiganja juu ya nati ya katikati chini ya boneti na msaidizi azungushe steringi kisha asukume gari. Nati ikiruka juu chini, imelegea au mpira wa maunti umekwisha.

Ukiwa na shaka na linki na huwezi kuamua, kuna njia ya mkato: zifungue zote mbili uzitoe, hakikisha ncha za nondo hazigusi kitu, fanya mzunguko mfupi wa taratibu mahali pasipo na magari. Gari italala kidogo kwenye kona, hiyo ni kawaida. Kelele ikiisha jibu unalo.

Kubadilisha linki za stabilaiza

Hii ndo kazi ambayo mtu wa kawaida anaimaliza nyumbani, na ndo itakayowahusu wengi. Badilisha mbili kwa pamoja, ya upande wa pili haiko mbali.

Usiku wa kuamkia kazi piga nyuzi za nati kwa brashi ya waya mpaka uone chuma, alafu mwagia oili ya kulegeza kutu, asubuhi rudia. Wasiofanya hivi ndo wale wanaomaliza na grainda. Pandisha mbele yote, stendi mbili, tairi zote mbili nje. Zote mbili, kwa sababu ile ile, ukiinua upande mmoja nondo inavuta na linki mpya haitaingia kwenye tundu lake bila vita.

Angalia kwanza kama kuna waya wa ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukipiga breki) au wa sensa ya urefu wa taa umefungwa karibu, uufungue usije ukaukata. Ukizungusha nati utaona na bolti yake inazunguka nayo, kwahiyo angalia mwisho wa bolti, kuna tundu la aleni au nyuma yake kuna sehemu bapa ya kushika na spana nyembamba. Ingiza aleni, igonge kidogo na nyundo ikae mpaka ndani, shikilia hapo na uzungushe nati kwa spana ringi. Taratibu, nyuma kidogo mbele kidogo, ukihisi aleni inaanza kuteleza SIMAMA, ongeza oili, safisha tena tundu kwa msumari, maana tundu likishakuwa duara mchezo umeisha. Likishakuwa duara ndo unachukua msumeno wa chuma au grainda ukakata bolti, na kabla ya cheche funika mpira wa breki, waya na mipira ya shokapu kwa kitambaa kilicholowa, na vaa miwani.

Linki ikitoka izungushe jointi yake kwa vidole. Jointi nzima ni ngumu, unalazimika kuisukuma. Iliyokufa inaning'inia yenyewe na ukiitikisa karibu na sikio utaisikia sauti ileile uliyokuwa unaifukuza.

Linganisha mpya na ya zamani urefu na mwelekeo wa bolti, nyingine zina kushoto na kulia. Safisha matundu, ingiza, anza nati zote mbili kwa mkono kwanza. Tumia nati mpya zilizokuja na linki, zile zenye plastiki ndani kazi yake ya kushika inapungua kila ukizifungua. Gari ndogo nyingi zinataka kati ya Nm 40 na 80 (Nm ni kipimo cha spana ya toki) hapa, namba kamili iko kwenye kitabu cha gari yako. Usikaze kwa kushikilia mpira wa vumbi na koleo, utauchana na baada ya miezi michache utarudi tena chini ya gari. Kazi hii haihitaji alaimenti, yaani kunyoosha tairi kwa mashine.

Bushi za stabilaiza

Ukiwa huko chini zicheki na hizi, zile mbili zinazoshika nondo kwenye fremu. Shika nondo karibu na bushi uitikise. Ikicheza ndani, badilisha, ni kibano na bolti mbili tu ila kwenye baadhi ya gari zimefichwa juu ya fremu na hapo inakuwa kazi ya siku nzima. Safisha nondo kwa msasa laini ilipokaliwa na bushi. Kama unataka kupaka kitu ili isilie, tumia grisi ya silikoni, au iache kavu. Grisi ya kawaida ya mafuta inaula mpira.

Pedi na kalipa

Kama lile jaribio la breki lilikuambia ni hapa, toa tairi utikise kalipa kwa mkono. Kucheza kidogo kwenye pini zake ni kawaida, kinachogonga ni pini zilizoliwa, bolti ya kalipa iliyolegea, au vile vibati vyembamba vya kushikilia pedi ambavyo mtu alivitupa mara ya mwisho alipobadilisha pedi akasema havina kazi. Vina kazi. Kaza bolti, weka vibati vipya, safisha pini na upake grisi maalumu ya breki, kidogo, isiguse pedi wala diski. Kalipa ukiitoa ifunge kwa waya kwenye springi, usiiache ininginie kwa mpira wake. Ukimaliza, kanyaga pedali ya breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu kabla ya kuondoka.

Wishiboni na boljointi

Kama bushi zimekwisha na boljointi nayo imechoka, nunua mkono mzima uliokuja na vyote, kupresi bushi nyumbani bila presi ni kujitesa. Kufungua ni bolti za fremu na nati ya boljointi. Jointi ikigoma kutoka, rudisha nati iishie kwenye ncha ya bolti ili isiruke, alafu piga kwa nyundo ubavuni mwa lile sikio la chuma ambalo bolti ya boljointi imepita, siyo bolti yenyewe. Pigo mbili tatu zenye uzito zinatosha zaidi ya vipigo ishirini vya woga. Nati yenye pini ya kufuli ukiikaza na tundu lisilingane, endelea kukaza mbele mpaka lilingane, usirudishe nyuma.

Sasa hapa ndo wengi wanapoharibu hata wakiwa na spea nzuri: bolti za bushi za mpira usizikaze gari ikiwa inaning'inia. Ndani ya bushi mpira umegandishwa kwenye chuma, ukikaza mkono ukiwa umeshuka chini, ukishusha gari mpira unapindwa na unabaki umepindwa maisha yake yote, na maisha yenyewe yanakuwa mafupi. Ziweke bolti zikae tu, alafu weka jeki chini ya mkono, inua mpaka gari inataka kuachia stendi, kaza hapo kwa toki. Au shusha gari juu ya mbao nene ili ikae kwa uzito wake na upate nafasi ya kuingiza spana.

Ukigusa mkono au tairodi endi alaimenti ni lazima. Kwa tairodi endi weka alama ya rangi kwenye nyuzi na hesabu mizunguko unapoitoa, hiyo inakutosha kuendesha mpaka kwenye mashine, haitoshi kuiacha hivyo.

Kazi usiyoifanya

Kufungua springi kutoka kwenye shokapu. Ile nati ya katikati juu ya maunti, shokapu ikishatoka nje ya gari, ndo inayoshikilia springi iliyobanwa kwa nguvu ya kumuua mtu. Vikandamizi vile vya bolti mbili vinateleza. Toa shokapu nzima mwenyewe ukitaka, peleka kwa mwenye mashine ya kubana springi akubadilishie maunti, urudi ufunge. Kukaza hiyo nati gari ikiwa imekanyaga chini na shokapu imefungwa mahali pake hakuna tatizo.

Kumaliza

Rudisha tairi, kaza nati kwa kupishana, siyo kwa kuzunguka, gari iwe imeshuka unapomalizia. Gari ndogo nyingi ni kati ya Nm 100 na 120. Zungusha steringi mpaka mwisho pande zote mbili ukiangalia kama mpira wa breki au waya unavutwa. Kisha rudi kwenye njia ileile uliyosikilizia mwanzo, kwa mwendo uleule, vioo chini, na upite vishimo, tuta, breki, kimoja kimoja. Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza tena nati za tairi na upitie bolti ulizofungua.

Ikitokea kelele kubwa imeisha na sasa unasikia nyingine nyembamba ya bati, shh-shh au tiki-tiki, usikimbilie kusema spea ni feki. Ilikuwepo, ilikuwa imefunikwa. Mara nyingi ni lile bati la nyuma ya diski ulilolipinda kwa kiwiko ukiwa unavuta linki, lisukume kwa vidole liache diski milimita mbili tatu na uendelee na safari.